Kisima Kilichofunikwa Bati

Vijana mnaoanza kazi ya afya ya mazingira huwa mnanitembelea hapa nyumbani. Mnanipa shikamoo ya haraka, na kabla marahaba yangu haijatoka vizuri mnauliza, "Mama, siri ya kazi hii ni nini?" Mnauliza kama vile nimeificha chini ya godoro. Siri sina. Nina mambo niliyoyaona katika miaka yote ya kuitwa Bibi Afya hapa Ifakara, na mengi niliyaona nikiwa na matope mpaka magotini. Nimeamua kuyaandika machache, maana nikiwasimulia kwa mdomo mnatazama simu.

Ukifika kwa watu, omba maji ya kunywa. Hilo alinifundisha Mzee Severini, Bwana Afya wa zamani niliyepangiwa kufanya naye kazi nilipotoka chuoni na viatu vyangu vyeupe. Kila nyumba tuliyoingia, yeye maji. Nikajua huyu mzee anaumwa. Siku moja tukiwa njiani nikajikaza nikamuuliza kama ameshawahi kupima sukari. Alicheka mpaka akaegemeza baiskeli kwenye mti.

"Wewe binti," akasema, "mtu akikuletea maji, angalia ameyatoa wapi, amechukua muda gani na ameyachota na nini. Ukimuuliza habari za choo atakupamba. Kwenye maji hapati muda wa kukupamba."

Tangu siku hiyo nimekunywa maji ya kila namna katika bonde hili. Mengine yaliniumiza tumbo, sitaki kuwadanganya. Lakini sijawahi kuingia mahali nikaomba maji nikatoka bila kujifunza kitu, hata siku ile moja nilipoyatafuta na hakukuwa na mtu wa kunipa, na habari ninayotaka kuwapa ni ya siku hiyo.

Kwanza mjue tulitokea wapi. Nilipoanza, taka za mji huu hazikuwa na makuu. Kila ua lilikuwa na shimo lake. Maganda ya ndizi, majivu, pumba, vyote vinaingia shimoni, likijaa unapanda mpapai juu yake unachimba jingine. Kazi yetu ilikuwa kupita na kugombana na wenye mashimo yaliyo karibu na jiko. Halafu mji ukafura. Mashine za kukoboa mpunga zikaongezeka, wageni wakaja, ikaja mifuko ya plastiki, zikaja chupa, zikaja pampasi. Pampasi hata ukipanda mpapai juu yake haiozi. Mkokoteni ukawa trekta, trekta likawa lori, na lori likawa halina pa kumwaga. Ndipo ofisi yetu ya halmashauri ikaamua mji upate dampo la maana, lenye uzio na mitaro, na ikaajiriwa kampuni ya ushauri kutafuta mahali.

Kampuni ikamleta Injinia Baraka, kijana kutoka Dar es Salaam, mpole, mwenye kofia kubwa ya jua. Msimcheke, alikuwa mtu wa kazi. Aliambiwa tafuta eneo lililo mbali na mji, karibu na barabara, ardhi isiyo na gharama na isiyo na watu. Akaangalia picha zake za angani, akazunguka, akapata mwinuko mdogo ukiacha barabara iendayo kijiji cha Mbingu, juu ya kitongoji kinachoitwa Mitikini. Kamati nzima ya dampo ikafurahi. Kila mmoja wetu pale mezani alikuwa anakaa upande mwingine wa mji.

Tukaenda kuliona. Ilikuwa masika, barabara utelezi mtupu, gari likawa linatembea kiubavu. Tulipofika Mitikini tukakuta nyumba zimefungwa. Hakuna kuku, hakuna moshi, hakuna mtoto wa kukimbilia gari. Majani yalikuwa yameota mpaka mlangoni. Injinia akatembea kutoka nyumba hadi nyumba akigonga kwa adabu, kisha akarudi akasema, "Haya ni mahame. Watu waliondoka zamani." Mkuu wangu wa kazi akatikisa kichwa kukubali, na yeye ni mzaliwa wa mkoa mwingine, alihamia kwetu mwaka ule ule.

Mimi, kwa mazoea, nilikuwa nimeshaanza kutafuta maji. Nyuma ya nyumba ya mwisho, chini kidogo ya ule mwinuko, nikakuta kisima. Mdomo wake ulifunikwa bati, na juu ya bati pamewekwa jiwe kubwa, na pembeni kamba ya ndoo imekunjwa vizuri imening'inizwa kwenye mti mahali mchwa wasipofika.

Nikasimama pale nikaitazama ile kamba. Mtu anayehama moja kwa moja hakumbuki kufunika kisima. Anayefunika kisima na kukunja kamba anategemea kurudi aikunjue.

Ninyi mliozaliwa hapa mnajua kilichokuwa kimetokea. Wenzenu wa kwingine niwaeleze. Watu wa bonde hili wana nyumba mbili. Kijijini kuna nyumba ya kuishi, na kule mbugani, kwenye mashamba ya mpunga, kuna dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti ili maji yapite chini. Mvua zikianza, familia inafunga nyumba, inabeba sufuria, kuku na watoto, inakwenda shamba. Watakaa huko mpaka mavuno. Wazazi wangu waliotoka upande wa Mahenge waliishi hivyo, na mimi mwenyewe nimelelewa nusu ya utoto wangu juu ya dungu. Mitikini haikuwa mahame. Mitikini ilikuwa shambani.

Nikamwambia mkuu. Akaniuliza, si mkutano wa hadhara ulishafanyika? Kweli, ulikuwa umefanyika pale ofisi ya kata. Walikuja wenye maduka, madalali wa mpunga na vijana wa bodaboda, wakaambiwa kuhusu dampo, wakapiga makofi. Na mwenyekiti wa kitongoji cha Mitikini alipigiwa simu, akasema hana neno.

"Alisema hana neno?" nikauliza.

"Alisema wataongea wakishavuna. Maana yake hana pingamizi," mkuu akanijibu.

Hapo nilicheka, kicheko cha uchungu. Nikampigia mwenyewe yule mwenyekiti, Mzee Damiani, nikiwa nimesimama juu ya kichuguu kutafuta mtandao. Tulisalimiana kwa kirefu, tukaulizana habari za mpunga, ndege na magoti, kisha nikauliza habari ya dampo.

"Aa, hilo," akasema kwa utulivu kabisa. "Si nimeshawaambia hao wa ofisini, tukishavuna."

Jamani, mtu huyu alikuwa hajakubali wala kukataa. Alikuwa amefanya kama tunavyofanya sote bondeni. Harusi inasubiri mavuno. Kesi ya mpaka inasubiri mavuno. Hata ugomvi wa mke na mume watu wanauweka kiporo mpaka mpunga uingie ghalani. Mzee Damiani alijua kwa moyo wake wote kwamba serikali nayo inasubiri. Ofisi nayo, kwa kuwa haijawahi kulala kwenye dungu, ikajua mzee ameridhia. Hakuna aliyemdanganya mwenzake, na kitongoji kilikuwa kinakwenda kuwekewa taka za mji mzima juu ya kisima chake.

Nikamwambia, "Mzee wangu, greda haliijui habari ya mavuno. Baraza la madiwani likikaa likapitisha, mtarudi mtakuta uzio."

Nikamsikia akimfokea mtu apige debe, ndege wameshuka. Kisha akasema, "Basi njooni huku. Sisi kutoka haiwezekani, ndege watatumalizia mpunga."

Kumshawishi mkuu haikuwa rahisi. Alisema wasiokuja mkutanoni shauri yao, hakuna ofisi inayomfuata mtu shambani. Nikamwambia ofisi iliyomfuata mtu shambani kumdai mchango inaweza pia kumfuata kumuuliza maoni. Alikunja uso, lakini hakuwa mtu mbaya. Akasema niende na injinia, tuwahi kurudi kabla baraza halijakaa, na nisirudi na porojo. Njia ilivyokuwa mbaya tukalazimika kuzunguka Kivukoni, tukavuka daraja, bodaboda zikatufikisha zilipoweza kufika, na sehemu iliyobaki tukapanda mtumbwi. Injinia Baraka alishika kingo za mtumbwi kwa mikono yote miwili na kofia yake ikaenda na maji. Hakuilalamikia, nikaanza kumpenda.

Mkutano tuliufanyia juu ya tuta, watu wamesimama mstari mmoja kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kusimama wawili. Mpunga ulikuwa umetoa mashuke, na kwelea walikuwa wanashuka kwa makundi. Kila nikifika mahali pa maana, mtu mmoja anapiga kelele, wote wanakimbia kuamia ndege, wanapiga madebe na kurusha udongo kwa kombeo, halafu wanarudi wanahema na kusema, "Endelea, Bibi Afya." Nimeendesha mikutano mingi yenye viti na maji ya chupa, lakini ule nauhesabu kuwa bora. Hakuna aliyesinzia.

Injinia akaeleza mradi wake kwa ukweli: uzio, mitaro, malori mangapi. Alipomaliza, mama mmoja aliyekuwa mwishoni mwa mstari akanyoosha mkono. Alikuwa Mama Theresia, mjane, mwenye kile kisima. Walikichimba yeye na marehemu mumewe, na kitongoji kizima kilikuwa kinachota kwake bila kudaiwa.

"Mwanangu," akamwambia injinia, "mvua ikinyesha pale juu, maji yanashuka kwangu. Sasa hayo ya kwenye taka yatapita wapi?"

Injinia akachuchumaa, akachora kwa kijiti kwenye tope, akafuta, akachora tena. Akasema, "Yatakuja kwako, mama. Mtaro utapunguza, hautazuia yote."

"Ahsante kwa kusema kweli. Na kwa nini mlituchagua sisi?"

"Tulidhani hampo."

Mama Theresia hakupandisha sauti. "Tupo," akasema. "Tupo huku tunawalimia wali. Mkishashiba ndiyo mnataka kutumwagia makombo."

Kwelea wakashuka tena na wote wakakimbia. Injinia alibaki amechuchumaa pale pale akiangalia mchoro wake. Mimi niliona haya kwa niaba ya ofisi nzima, na niliogopa pia, kwa sababu nilijua baraza linapenda kitu kilichokamilika na hiki kilikuwa kimekamilika. Kama kingepitishwa, mama yule angerudi baada ya mavuno, angeondoa jiwe na bati lake, angekunjua kamba, na angechota tusichoweza kukirudisha kuwa maji.

Siku ya baraza, Mzee Damiani na Mama Theresia na wengine wachache walikuja. Kina nani waliachwa kuamia ndege sijui. Walikaa nyuma kwenye viti vya wananchi, miguu ina matope yaliyokauka, kimya kabisa, maana pale mwananchi anasikiliza tu. Injinia Baraka alisimama akasema eneo alilopendekeza mwenyewe halifai, akaeleza kisima na mkondo wa maji. Vijana, mtu kuikosoa kazi yake hadharani mbele ya walioilipia, hilo si jambo dogo. Ikitokea siku yenu, fanyeni kama yeye.

Diwani mmoja akauliza swali ambalo wote walikuwa nalo. "Sasa mnataka tuweke wapi?"

Injinia alikuwa na jibu, na mimi nilikuwa nalijua tangu jana yake. Ukipita mtaa wa Viwanja Sitini ukaendelea, kuna ardhi nyekundu iliyoinuka, udongo mgumu, maji hayatuami wala hakuna kisima chini yake. Ilikuwa imerukwa mwanzoni kwa sababu imepakana na viwanja vipya walivyogawiwa watumishi. Nusu ya kamati ilikuwa na kiwanja pale. Mkuu wangu alikuwa nacho. Mimi nilikuwa nimeshapiga msingi na tofali zangu zimepangwa, nasubiri kiinua mgongo nipandishe ukuta.

Sitawaambia nilifurahi. Usiku wa kuamkia baraza sikula vizuri. Niliona veranda yangu ya kupumzikia imekaa upande wa taka, nikajihurumia kabisa. Nilijiuliza kwa nini sikumezea tu siku ile kwenye kisima. Kisha nikamkumbuka Mama Theresia na lile neno lake, tupo, na nikaona kuwa kama harufu ni mbaya kwangu mwenye nyumba ya tofali na mdomo wa kulalamika ofisini, kwake ni mbaya zaidi. Mimi harufu ingenikera. Yeye maji ya taka yangemwingia kwenye chungu.

Watumishi wenzangu walinikabili pale kwenye korido wakati wa mapumziko. Mmoja akaniuliza, "Bibi Afya, wewe si una kiwanja kule?"

"Ninacho."

"Na bado unaunga mkono?"

"Taka nazalisha mimi, wewe unazalisha, tukae nazo karibu tuzichunge vizuri. Likiwa Mitikini, nani wetu atakwenda kukagua kama lori limefukia?"

Akasema ninajifanya mtakatifu. Nikamwambia mtakatifu hana msingi wa tofali unaonuka. Tukacheka, ingawa yeye alicheka kwa nusu mdomo.

Baraza lilibishana mpaka jua likapinda. Walipopiga kura, eneo la ardhi nyekundu likapita, kwa sharti kwamba taka zifukiwe kwa udongo kila siku, pumba zitengwe wapewe wachoma tofali, na miti ipandwe upande wa makazi. Nilitoka nje. Nikanunua soda, nikainywa nimesimama kwenye kivuli cha ukuta, na machozi yakanitoka bila ruhusa yangu. Mzee Damiani akanipita pale, akanishika mkono, akasema wanawahi shamba, mengine tutaongea wakishavuna.

Siku hizi ninyi mna vifaa ambavyo Mzee Severini hata angeota asingeviamini. Mnarusha ndege yenye kamera, mnakaa ofisini mnahesabu mapaa. Virusheni, ni vizuri. Lakini muulizane picha ilipigwa mwezi gani, na watu wa pale mwezi ule wanakuwa wapi. Muulizane pia nani ana kiwanja upande ambao kamati haikutaka hata kwenda kuutazama. Mkitangaza mkutano, mjue kama wanaohusika wanaweza kufika, na kama hawawezi, vaeni mabuti. Na mtu akiwajibu "tukishavuna", msiandike kuwa amekubali. Mfuateni.

Nilijenga. Mnaifahamu nyumba, mmekaa kwenye veranda yake mkila mihogo yangu. Mkuu wangu alikiuza kiwanja chake akahamia mkoa mwingine, simlaumu. Miti imekua, kufukia wanafukia, na wasipofukia naenda mwenyewe na fimbo yangu mpaka getini, na wao huziita safari zangu hizo ukaguzi wa bure. Siku nyingi hewa ni safi. Siku ambazo upepo umegeuka, nafunga dirisha.

Juzi, mpunga ulipokwisha kuingia ndani, Mama Theresia alinitembelea. Sasa ni bibi kabisa, alishuka kwenye bodaboda na mchele mpya kwenye kikapu, na dumu la maji ya kisima chake, maana anajua tabia yangu. Nikamimina glasi nikanywa mbele yake. Maji matamu, yana ubaridi wa chini. Tukawa tunaongea habari za wajukuu, upepo ukageuka. Nikaona amekunja pua.

"Bibi Afya, hapa kwako kunanuka nini?"

"Dampo."

"Dampo gani?"

"Lile lililokuwa lije kwako."

Akavuta hewa tena, polepole, kama anayeonja mchuzi. Akaangalia dumu lake la maji, akaniangalia mimi.

"Pole, mwenzangu," akasema.

"Nimeshapoa," nikamjibu, na nikamimina glasi nyingine.